Kwa Nini Baiskeli na Waenda kwa Miguu Hugongana Bustanini

Mwaka 2022, katika bustani ya Regent's Park jijini London, bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80 alikuwa akivuka barabara na mbwa wake alipogongwa na mwendesha baiskeli aliyekuwa akifanya mazoezi na wenzake. Alifariki baadaye. Uchunguzi wa chanzo cha kifo ulipofanyika mwaka 2024, watu wengi walipigwa na butwaa waliposikia maelezo ya kisheria. Kikomo cha mwendo katika barabara ile ni maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32 hivi. Kundi lile lilikuwa likienda kati ya maili 25 na 29. Na bado hakuna aliyekuwa amevunja sheria ya mwendo, kwa sababu kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya magari, baiskeli hakikuzigusa.

New York nako kuna mvutano wake. Mwaka 2025 shirika linaloitunza Central Park lilitaka baiskeli za umeme zipigwe marufuku humo, na Oktoba mwaka huo huo jiji likaziwekea kikomo cha maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24, hata nje ya bustani.

Kila habari ya namna hii inapotoka, mabishano huwa ni yale yale. Huyu anasema waendesha baiskeli hawana adabu, yule anajibu kwamba waenda kwa miguu wanatembea macho kwenye simu na masikio yameziba. Wote wawili wana ushahidi wa kutosha. Lakini ukiwasikiliza kwa saa nzima hutajifunza ni wapi hasa ajali inatokea na kwa nini inatokea pale, si hatua 50 mbele yake. Jibu la swali hilo mara nyingi liko chini ya miguu yao: upana wa njia, kona, ua uliokatwa au ulioachwa ukue, benchi lililowekwa mahali pasipofaa.

Kwanza tuelewane kuhusu njia zenyewe, maana watu wengi hubishana wakiwa na picha tofauti kichwani. Bustani kubwa ya umma huwa na njia za aina nne. Kuna barabara ya ndani, pana, yenye lami, ambayo aghalabu ilijengwa kwa ajili ya magari hata kama leo hayaruhusiwi. Kuna njia ya pamoja, ambapo waenda kwa miguu na baiskeli wanatumia eneo moja bila mpaka. Kuna njia iliyotengwa, ambapo kila upande una sehemu yake na kati yao pana mstari, ukingo au majani. Na kuna njia ya miguu pekee. Ajali ya Regent's Park ilitokea kwenye aina ya kwanza. Malalamiko ya kila siku, ya kupitwa karibu mno na kushtuliwa kwa nyuma, hutoka zaidi kwenye aina ya pili. Dawa ya moja si lazima iwe dawa ya nyingine.

Sasa tuje kwenye mwendo. Mtu mzima akitembea kawaida huenda kilomita 5 kwa saa. Mwendesha baiskeli asiye na haraka huenda 15. Mwenye kwenda kazini huenda 20 hadi 25, na mwanamichezo kwenye barabara tambarare anaweza kufika 40 bila shida. Hatari haianzi kwa sababu mtu anaenda kasi. Inaanza kwa sababu walio mahali pamoja wanaachana sana kwa mwendo. Fikiria korido ya hospitali. Mgonjwa anayejikongoja na mhudumu anayesukuma kitanda cha magurudumu wanapishana humo siku nzima bila mtu kuumia, kwa sababu anayesukuma anakwenda kasi kidogo tu kuliko anayetembea. Mhudumu huyo huyo akianza kukimbia na kitanda, korido ile ile inageuka kuwa mahali pa hatari ingawa hakuna ukuta uliosogea.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu akiona kitu mbele yake, inapita kama sekunde moja kabla vidole havijabana breki. Katika sekunde hiyo baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inasonga mita 4, ya 25 inasonga mita 7, na ya 40 inasonga mita 11. Hapo breki bado hazijafanya kazi yoyote. Ukijumlisha na umbali wa kusimama kwenye lami kavu kwa breki za kawaida, wa kwanza anahitaji karibu mita 7, wa pili mita 14, na wa tatu karibu mita 30. Lami ikilowa, ongeza.

Na kishindo nacho hakipandi kwa uwiano wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano inaongezeka mara nne. Hapa ndipo baiskeli za umeme zinapoingia kwenye mjadala. Uzito wake, kilo 20 hadi 30 badala ya 10 hadi 15, una mchango, lakini ukilinganisha na uzito wa mpandaji mwenyewe si mkubwa sana. Kubwa zaidi ni kwamba mota inampa mtu yeyote mwendo ambao zamani ulihitaji mapafu ya mwanariadha, na inampa hata kwenye mlima, mahali ambapo wengine wote wanakwenda polepole. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli ya umeme ya kawaida inatakiwa iache kusaidia inapofika kilomita 25 kwa saa. Marekani kuna daraja linaloruhusiwa kusaidiwa hadi maili 28, yaani kilomita 45. Kwa hiyo mtu anaposema "baiskeli ya umeme" unapaswa kumuuliza ni ipi.

Jambo moja linasahaulika sana hapa. Mwenda kwa miguu, hasa mzee, mara nyingi haumizwi na baiskeli yenyewe. Anaumizwa na ardhi. Anasukumwa, anaanguka kinyumenyume, kichwa au nyonga inapiga lami. Ndiyo maana mgongano ambao kijana angeinuka nao akijifuta vumbi unaweza kumuua mtu wa miaka 80, na ndiyo maana wazee wengi huacha kabisa kwenda bustanini baada ya kukoswakoswa mara moja tu. Kukoswakoswa huko hakuandikwi popote. Polisi hawana fomu yake. Uongozi wa bustani ukitazama takwimu unaona hakuna ajali na unahitimisha kwamba njia ni salama, wakati waliokuwa katika hatari kubwa zaidi walishaihama.

Upana ndio mahali ambapo karatasi na uhalisia huachana. Miongozo ya uhandisi ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2020 inataka njia ya pamoja iwe na upana usiopungua mita 3 ikiwa baiskeli hazizidi 300 kwa saa. Ile inayotumika Marekani nayo ina kipimo kinachokaribiana, futi 10. Mita 3 zinasikika nyingi. Hebu zipime. Watu wawili wanaotembea sambamba wakizungumza, mmoja akisukuma kigari cha mtoto, wanachukua mita 1.5. Baiskeli inayotembea, pamoja na kuyumba kwake kidogo, inachukua mita 1. Imebaki nusu mita. Baiskeli ya pili ikitokea upande wa pili, tayari hakuna nafasi, na lazima mmoja apunguze mwendo au mwingine aruke kwenye majani.

Kisha ondoa kinacholiwa na pembeni. Hakuna anayeendesha baiskeli akiwa amekwaruza ukuta au ua. Wahandisi huhesabu kwamba kitu kirefu kando ya njia kinameza karibu nusu mita ya upana wake. Sasa weka benchi. Benchi lenyewe liko nje ya njia, kwenye ramani limechorwa vizuri kabisa. Lakini wanaokaa wana miguu, na miguu inanyooshwa. Karibu yao kuna mkoba, mbwa aliyefungwa kamba ndefu, mtoto anayejifunza kusimama akishika goti la mama. Ile njia ya mita 3 mbele ya benchi hilo imebaki na mita 2, na saa za jioni ndipo benchi hujaa na ndipo baiskeli huwa nyingi. Ukisogeza benchi mita 1 au zaidi nyuma umepanua njia bila kumwaga tone la lami. Hali ni ile ile kwa pipa la taka, bomba la maji ya kunywa, na mahali popote watu wanapopanga foleni.

Baada ya upana, kuona. Tuchukue kona moja yenye ua wa mimea upande wa ndani, urefu wa kifua cha mtu mzima, na nyuma ya kona hiyo lango la uwanja wa kuchezea watoto. Kutoka juu ya tandiko, mwendesha baiskeli anaona mita 8 tu mbele. Anakwenda kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao kwenye sehemu iliyonyooka hauna ubaya wowote. Mpira unatoka langoni, mtoto anaufuata. Kati ya mita zile 8, 7 zimeshaliwa na ile sekunde moja ya kushtuka. Mwendesha baiskeli huyu anaweza kuwa mtu mwenye adabu kuliko wote mjini, hatasimama. Angekuwa anakwenda 15, angesimama pale pale mbele ya mtoto. Ua ule ungekatwa ukafika magotini, angemwona mtoto kabla hajafika langoni. Na lango lingefunguliwa upande mwingine wa uwanja, tusingekuwa na la kuzungumza.

Nimeona bustani zikiweka bango la "Endesha polepole" kwenye kona kama hiyo huku ua ukiendelea kukua. Bango linasomwa mara ya kwanza. Mara ya kumi limekuwa sehemu ya mandhari.

Hilo linatupeleka kwenye mambo ambayo watu huyaamini kirahisi.

La kwanza ni mstari mweupe. Inaonekana ni busara: chora mstari katikati, huku baiskeli, kule miguu. Shida ni kwamba mstari hauongezi upana. Njia ya mita 3 ikigawanywa inakuwa vichochoro viwili vya mita 1.5, na watu wawili wakitembea pamoja mmoja wao tayari yuko kwenye mstari. Tena mstari humpa mwendesha baiskeli hisia kwamba upande ule ni wake, kwa hiyo anaongeza kasi na kukasirika anapomkuta mtu humo. Na kwa asiyeona, rangi haipo kabisa. Fimbo nyeupe haigusi rangi. Mtu huyo anahitaji kitu kinachoguswa: ukingo, mstari ulioinuka, au vile vigae vyenye mistari na vinundu ambavyo vilibuniwa Japani mwaka 1965 na kuwekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Hata ukingo wenyewe una masharti. Majaribio yaliyofanywa na University College London yalionyesha kwamba ukingo wa chini ya milimita 60 hauaminiki kwa watu wasioona. Wengine wanaupita bila kujua kwamba wameshaingia upande wa baiskeli. Kutenga njia ni jambo zuri sana palipo na nafasi na baiskeli nyingi, lakini kunataka ardhi zaidi, si kopo la rangi.

La pili ni kengele. Wengi wanaamini kengele inamaliza kazi: nimekupigia, kwa hiyo ukigongwa ni shauri lako. Lakini mtu akisikia kengele nyuma yake hajui inatokea upande gani. Mwingine anaruka kushoto, mwingine kulia, watembeao wawili wanaachana kila mmoja upande wake na mtoto anabaki katikati. Wapo wasiosikia, wapo wenye spika masikioni. Kengele inasaidia ikipigwa mapema, kwa mbali, na mpigaji akiwa amekwishapunguza mwendo, kwa sababu hapo ni taarifa. Ikipigwa kwa mita 3 ni kumtisha mtu tu.

Kuhusu helmeti sina mengi. Inamlinda anayeivaa akianguka. Aliyegongwa haimsaidii chochote, kwa hiyo kuijibu hoja ya usalama wa waenda kwa miguu kwa kusema "waendesha baiskeli wavae helmeti" ni kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Vizuizi vya chuma ndivyo vinavyoniudhi kuliko vyote. Ni yale mageti ya kupindapinda yanayowekwa mlangoni ili baiskeli zipunguze mwendo. Kijana mwepesi anayapita kwa ustadi na kuongeza kasi mbele. Anayeshindwa ni mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye kigari cha mapacha, mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu. Yaani yamechuja watu kinyume: waliokuwa tishio wameingia, waliohitaji kulindwa wamebaki nje. Nguzo moja ya katikati ya njia nayo, ikiwa haina rangi ya kung'aa, inasubiri kumwangusha mtu usiku. Na matuta makali yanamrusha mwendesha baiskeli asiye na uzoefu huku mwenye matairi manene akiyafurahia.

Halafu kuna wanaosema zipigwe marufuku tu. Kwa njia ya miguu pekee, nyembamba, iliyo kando ya bwawa au karibu na uwanja wa watoto, nakubaliana nao. Kwa bustani nzima, mtu ajiulize hao watakwenda wapi. Mtoto anayejifunza kuendesha hataacha baiskeli. Atakwenda nayo barabarani kwenye malori. Tena marufuku isiyo na njia mbadala huvunjwa, na akivunja mmoja bila kuchukuliwa hatua, wa pili hata haoni kwamba anavunja.

Basi kinachopunguza mwendo kweli ni nini? Njia yenyewe kuonekana ya polepole. Barabara pana, iliyonyooka, yenye lami laini na taa za magari inamwambia kila aingiaye humo aende kasi, na vibao haviwezi kubishana nayo. Central Park ni mfano mzuri. Magari yalianza kuzuiwa kwenye barabara zake za ndani mwaka 1966, mwanzoni wikendi tu, na ilichukua hadi Juni 2018 kuyaondoa kabisa. Lakini barabara ilibaki ile ile, mzunguko wa karibu kilomita 10, na taa nyekundu na kijani zilizotegwa kwa mwendo wa magari zilibaki pia kwa miaka. Baiskeli zikawa zinapita taa nyekundu wakati hakuna mtu anayevuka, na mazoea hayo yakaendelea hata mtu alipokuwepo. Kabla ya hapo, mwaka 2014, waenda kwa miguu wawili walifariki kwa kugongwa na baiskeli humo katika muda wa miezi miwili, na kikomo kikashushwa kutoka maili 25 kwa saa hadi 20. Kikomo kilishuka siku moja. Umbo la barabara halikushuka.

Umbo linabadilishwa kwa kupunguza upana wa sehemu zinapopita baiskeli pale watu wanapovuka, ili mvukaji awe na hatua chache za kupiga. Linabadilishwa kwa kuinua kivuko kidogo, kwa mteremko mpole ambao haumrushi mtu ila anauhisi. Kwa kubadili sakafu pia: lami ikigeuka kuwa matofali mita kadhaa kabla ya makutano, sauti ya matairi inabadilika na mkono unakwenda kwenye breki wenyewe. Ila matofali hayo yapangwe sawasawa, maana ya kuinukainuka ni mateso kwa kiti cha magurudumu, na waendesha baiskeli wengi huumia kwa kuanguka peke yao bila kugongana na yeyote: mizizi iliyopasua lami, majani mabichi yaliyorundikana, changarawe kwenye kona. Kurekebisha hayo kunawasaidia wote wawili kwa wakati mmoja.

Wenye haraka wapewe njia yao. Kundi la mazoezi linalokwenda kilomita 40 kwa saa halina nafasi kwenye njia ya pamoja, na anayeiwahi kazi anafuata mstari mfupi zaidi kati ya lango na lango. Ukimpa njia iliyonyooka pembezoni mwa bustani, mbali na mabenchi, ataitumia bila kuambiwa. Ukimlazimisha azunguke, atakata katikati ya majani, na baada ya msimu mmoja utaona njia mpya ya udongo pale alipopita. Njia hizo za mkato ndizo ramani ya kweli ya bustani, na mpangaji mwerevu huzitembelea kabla hajashika kalamu.

Sheria nayo ina mahali pake, ingawa ni pembamba kuliko inavyodhaniwa. Baiskeli nyingi hazina kipima mwendo, kwa hiyo kikomo cha kilomita kinakuwa kigumu kukifuata kwa uaminifu na kigumu zaidi kukisimamia. Nchini Uingereza, mwendesha baiskeli aliyesababisha kifo amewahi kushtakiwa kwa kifungu cha sheria ya mwaka 1861 kilichotungwa kwa ajili ya waendeshaji wa magari ya farasi. Kanuni ambazo askari wa bustani anaweza kuzisimamia kwa macho ni zile zisizohitaji mashine: mwenda kwa miguu apewe nafasi kwanza kwenye njia ya pamoja, mtu asipite kwa kasi karibu na watoto, usiku taa iwake, mbwa asifungwe kamba inayokata njia nzima.

Anayetaka kulalamika kwa uongozi wa bustani yake atasikilizwa zaidi akipeleka kitu kinachopimika. Achague kona moja na saa moja yenye watu wengi, akae, aandike kila mara mtu anapolazimika kuruka pembeni au kubana breki ghafla, na alama ya mahali hasa ilipotokea. Alama hizo hazitawanyiki ovyo. Hurundikana mahali pawili au patatu. Hapo pana ua wa kukatwa, benchi la kusogezwa au lango la kuhamishwa, na mambo hayo yanaweza kufanyika wiki hii, kabla ya kikao chochote cha bajeti. Kisha arudi mahali pale pale, saa ile ile, ahesabu tena.